Gau Aujua Mlango

Khiem alipomleta Gau nyumbani ndani ya boksi la maua, mama yake alifunua boksi, akachungulia, akalifunika tena.

"Nilikuomba mbwa wa kulinda mabanda ya waridi," alisema. "Wewe umeniletea ndama."

"Ni mbwa, Mama. Wazazi wake wanalinda kondoo. Akikua huyu, mwizi akimwona tu anageuza njia."

"Na mpaka akue, mavi yake atazoa nani?"

 Kesho yake Khiem alikuwa anaondoka na lori la maua kwenda Saigon, na kila mtu mle ndani alijua atakayeachiwa kazi. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na aproni yake kiunoni: Nhan, mkewe.

Mimi nakaa mkabala nao. Hapa Dalat, milimani Vietnam, nyumba zimepandana kilimani kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako, kwa hiyo habari za Gau nilizipata zote, nyingine kwa macho, nyingine kwa kelele za Bibi Thom.

Bibi Thom ndiye mama yake Khiem. Mumewe, Mzee Luong, ndiye aliyejenga nusu ya mabanda ya maua unayoyaona bondeni. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa jasho. Tangu hapo alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, fimbo mapajani, akingoja kushikwa mkono kupelekwa chooni. Siku nyingine hawakuwahi. Bibi Thom alikuwa akibadilisha suruali na kufua bila neno, na sisi majirani tulijifanya hatuoni kamba ya nguo ilivyojaa.

Gau alikuwa mweupe, manyoya kama pamba, na miguu mikubwa isiyolingana na akili yake. Hata miezi minne hakuwa ameitimiza, naye alikuwa tayari anamfikia Nhan magotini. Balaa lilikuwa hapo. Ukimtazama unaona mbwa mzima, lakini kibofu chake kilikuwa cha mtoto mchanga. Alikojoa sebuleni, alikojoa ngazini, alikojoa kwenye viatu vya Khiem vya Jumapili. Nhan alipiga deki mpaka vidole vikachubuka.

Kisha ikaja asubuhi ya mwezi mwandamo. Bibi Thom alikuwa ameandaa sadaka kwenye kile kibanda chekundu cha mungu wa ardhi kinachokaa sakafuni karibu na mlango: ndizi, ubani, na kikombe cha kahawa ya maziwa, maana mungu yule mwenye kitambi anapenda kahawa. Gau akaja, akanusa ndizi, akachuchumaa mbele ya kibanda, akaachilia.

Bibi Thom alikunja gazeti akalipiga sakafuni paa, paa. "Huna haya wewe! Likubwa zima linajikojolea! Utamtia aibu kila mtu humu ndani!"

Gau alijibanza nyuma ya kabati. Lakini Nhan hakuwa anamtazama Gau. Alimwona mkwewe, pale kwenye kiti, akigeuza uso polepole kuelekea dirishani, masikio yamemwiva.

Nhan akaweka ndoo chini. "Mama, naomba humu ndani tusimsimange tena mtu kwa mkojo."

"Mtu gani? Nimemsema mbwa."

 Nhan alielekeza macho dirishani, na Bibi Thom akayafuata. Gazeti likamlegea mkononi. Akakaa kitako juu ya ngazi.

"Mpaka Tet," alisema kwa sauti ya chini. "Sipokei wageni wa mwaka mpya kwenye choo cha mbwa. Asipojua mpaka hapo, aende bondeni kwa mpwa wangu Sang, akafungwe mnyororo huko shambani."

"Sawa, Mama. Mpaka Tet."

Siku hiyo hiyo Nhan alimpigia simu mama mfugaji ambaye Gau alizaliwa kwake, akamweleza yote, pamoja na ya mungu wa ardhi. Yule mama alicheka mpaka akaomba radhi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Usimchape, na usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kitu kimoja tu, kukojoa mafichoni. Mtoe akiamka, mtoe akimaliza kula, mtoe akimaliza kucheza. Mpeleke pale pale kila siku. Akishafanya, msifu hapo hapo, umpe kipande cha ini. Na sakafu unasafishia nini?"

"Sabuni ya ndimu."

"Harufu ya mkojo inabaki chini yake. Wewe huisikii, yeye anaisikia, inamwambia choo ni hapa. Osha kwa siki."

Nyumba ikanuka achari kuanzia siku hiyo. Nhan alichagua mahali, chini ya vichaka vya maua ya buluu pembeni mwa ua, akawa anampeleka Gau kwa kamba, mvua au ukungu. Siku nyingine alisimama nje na mwavuli akimbembeleza mbwa kama anayembembeleza mtoto kula uji, na mbwa akitazama mawingu. Wakirudi ndani, Gau anakojoa kwenye mkeka.

"Amekungoja mwenyeji wake ufungue mlango, asikojoe ugenini," Bibi Thom alimchokoza. Nhan akajikaza, akachukua siki.

Shida ilikuwa waridi. Tet ilikuwa inakaribia, maua hayangoji, na Nhan hakuweza kuwa bandani na sebuleni kwa wakati mmoja. Adhuhuri moja, akiwa anafunga mashada, alisikia kitu kikigonga sakafu ndani ya nyumba. Ko, ko, ko. Alikimbia akidhani mkwewe ameanguka. Mzee Luong alikuwa kitini, anagonga fimbo, na kwa kidevu anaonyesha pembeni. Gau alikuwa anazunguka pale, pua chini. Nhan alinyakua kamba, wakawahi vichakani.

Aliporudi alimpigia mkwewe magoti. "Baba, umejuaje?"

Mzee alitafuta neno. "Ana... zunguka."

Basi Mzee Luong akawa mlinzi. Alimjua Gau kuliko sisi sote: anavyosimamisha mchezo ghafla, anavyonusa pembe za ukuta. Akigonga, Nhan anakuja mbio. Mpaka siku aliyogonga, na Nhan mikono imenasa kwenye miiba, akachelewa. Alipoingia sebuleni kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amesimama nje, bega limeegemea ukuta, fimbo mkono wa kushoto na kamba imezungushiwa kifundo cha mkono ule mlegevu, anatetemeka mwili mzima. Gau alikuwa vichakani, anakojoa.

Bibi Thom alitoka jikoni akitaka kupiga kelele. Nhan akamshika mkono. Wakasimama wote wawili pale mlangoni, wakamwacha arudi mwenyewe.

Tangu hapo walitoka wawili, mzee na mbwa, kila baada ya chakula. Na wakiwa njiani mzee naye alipitia chooni kwake. Kamba ya nguo ikaanza kupungua. Wiki kadhaa zikapita sakafu kavu.

Halafu, Tet ikiwa imeshabisha hodi, Gau akaharibu tena. Hakukojoa mahali pamoja tu. Alikojoa sebuleni, jikoni, hata kwenye tandiko lake mwenyewe, vitone vitone, na alikuwa ametolewa nje muda si mrefu. Nhan alikaa kwenye kigoda na tambara mkononi, akashindwa kuinuka.

"Nimechoka, Mama. Mpigie Sang."

Bibi Thom alikuwa na simu mfukoni. Aliitoa. Mzee Luong akagonga fimbo mara moja, kwa nguvu.

"Si... makosa yake." Alimeza mate. "Ana... umwa. Mtazame."

Wakamtazama. Gau alichuchumaa, akajikamua, likatoka tone, akalia kidogo na kujilamba. Bibi Thom akarudisha simu mfukoni.

Daktari wa mifugo alimpima na kusema kibofu kimepata maambukizi, akampa dawa, akasema hakuna mbwa anayeweza kubana mkojo katika hali hiyo. Jioni Bibi Thom alimpikia Gau uji wa wali na kuku. "Msinitazame hivyo," alisema. "Mgonjwa ni mgonjwa."

Siku ya kwanza ya Tet sote tulikuwa pale. Mtu wa kwanza kukanyaga kizingiti alikuwa Bwana Tai, muuza mbegu, aliyealikwa kwa kuwa ana bahati na kicheko kikubwa, maana bahati ya mwaka hufuata mguu wa kwanza. Sang alikuja, watoto walikuja, meza ilijaa matunda yaliyokaushwa kwa sukari na mikate ya wali wa kunata. Bibi Thom alikuwa anamimina chai, jicho moja kwa mbwa.

Katikati ya mazungumzo Gau alisimama. Sebule ikamwona. Hakuzunguka, hakunusa ukuta. Alipita katikati ya magoti ya wageni, akaenda kwa Mzee Luong, akaweka kichwa chake kizito juu ya paja lake, kisha akageuka akatazama mlango.

"Haya," mzee alisema. "Twende."

Akainuka. Nhan alinyanyuka nusu, akajizuia. Mzee alivuka sebule nzima kwa miguu yake, mbwa ubavuni akienda mwendo wake, wageni wakikunja miguu kuwapisha. Kupitia dirisha tuliona wamefika kwenye vichaka vya buluu. Gau alichuchumaa, akakaa hapo muda mrefu kweli, na tukamsikia mzee akisema wazi, bila kukwama, "Vizuri sana, mwanangu."

Bwana Tai ndiye aliyeanza kupiga makofi. Sang alimuuliza shangazi yake kama bado aje na gari kumchukua mbwa.

"Gari la nini?" Bibi Thom alisema. "Kula mkate wako." Akachukua koti la mumewe msumarini, akatoka nalo nje, na kupitia dirishani tulimwona akimvalisha, akamfunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

Hawakurudi ndani moja kwa moja. Mzee Luong aliutazama mtaa, akasema kitu, na mkewe akafungua lango. Nilitoka mbio kwenda kwangu kuteleka maji, maana walikuwa wanakuja kunisalimia mwaka mpya, na mzee hakuwa amevuka barabara ile tangu augue. Nilipofungua mlango alikuwa amesimama hapo, anahema, amenyooka, na Gau amejaa kizingitini kiasi kwamba Bibi Thom ilibidi amsukume ili apite.