Muswada wa Daraja la Harnsey

Kwa wiki tatu muswada wangu ulikuwa ukipigwa danadana. Mafuriko ya Februari yalibomoa daraja letu la Harnsey, yakaondoka na watu tisa waliokuwa wakienda sokoni. Mimi Ambrose Thorley, mfanyabiashara wa sufu na mbunge wa mji huo, niliomba jambo moja tu: sheria ya kuzilazimisha parokia mbili za kando ya mto, zenye jukumu la kutunza madaraja, zilijenge upya, maana kila moja ilidai daraja ni la mwenzake.

Shahidi wangu alikuwa Tamsin Crouch, mjane aliyepoteza mume na binti siku ile. Alisafiri siku nne juu ya mkokoteni wa sufu kuja London. Asubuhi hiyo nilimwacha nje ya mlango wa Bunge.

"Leo wataniita?" aliniuliza.

"Leo, mama. Spika mwenyewe ameniahidi."

"Hata jana ulisema leo."

Nikaingia.

Sala zilipokwisha nikavua kofia nisimame kusema, lakini Bwana Giles Pennock akaniwahi. Alikuwa amevimba kwa hasira. Jana yake, alisema, mbunge mmoja alimwita kasuku wa mabwana wakubwa. Alitaka aombwe radhi.

"Sikusema kasuku!" mwenzake akafoka kutoka upande wa pili. "Nilisema kunguru!"

Ukumbi ukalipuka. Karani akapekua karatasi zake. Hakuwa ameandika ndege yeyote. Wazee wawili wakabishana kunguru ni tusi au si tusi. Saa tatu zikapita. Nikasimama.

"Mheshimiwa Spika, watu tisa wamekufa!"

"Keti wewe, bwana daraja!" akafoka mmoja kutoka nyuma.

"Mto hauna haraka!"

"Wafundishe watu wako kuogelea!" akadakia Pennock, na benchi zima likacheka.

Nilikaa.

Wakapiga kura, upande mmoja ukitoka nje kuhesabiwa na mwingine ukibaki ndani. Mia moja na kumi na mbili kwa mia moja na nane: radhi iombwe. Ikaombwa kwa kejeli, wakaanza kugombania kejeli.

Mchana ulikuwa umesogea sana Spika alipoita muswada wangu. Karani akausoma. Nikaomba shahidi aingie, naye Tamsin akaja mpaka kwenye kizuizi wanaposimama wageni, viatu vyake vikiwa bado na tope la Harnsey. Hata Pennock aliinama mbele amsikie.

"Binti yangu alikuwa amebeba mayai," alianza. "Nilimwambia atangulie, mimi nifunge..."

Mlango ukagongwa mara tatu.

Alikuwa mjumbe wa mfalme. Wabunge wote waende mara moja kwenye Nyumba ya Mabwana, baraza la juu la Bunge. Kila mtu alijua maana yake: mfalme amechoka nasi, anavunja Bunge. Muswada ambao haujapitishwa hufa hapo hapo.

Wakatoka wakisukumana, wengine wakitukana. Mimi sikwenda. Tamsin alikuwa bado amesimama pale pale.

"Sijamaliza," alisema.

Nikamgeukia karani. "Andika anachosema, tafadhali."

Yule mzee akaiweka kalamu mezani taratibu. "Siwezi, bwana. Hakuna Bunge tena. Nitamwandikia nani?"

"Basi nisikilizeni tu," akasema Tamsin.

Akatusimulia yote, sisi wawili, mbele ya mabenchi matupu: jinsi alivyorudi kufunga mlango wa banda la kuku, jinsi alivyosikia mbao zikipasuka, na kile kitambaa cha kichwani cha binti yake alichokiona kikizunguka majini. Karani alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Tulirudi Harnsey kwa mkokoteni ule ule. Siku nne nzima hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu. Zile parokia mbili zinabishana mpaka leo, na watu huvuka kwa mtumbwi uliofungwa kamba. Mwezi wa Oktoba maji yalipanda tena, wakafa wengine wawili.