Mwanga Kwenye Kiota cha Korongo

Lutengano alipenda kusema kwamba jua la Ufipa ni lake. Wengine walilianikia ulezi, yeye alilipigia picha. Alikuwa kijana wa Tukuyu, karani katika ofisi moja mjini Sumbawanga, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa kamera ya ofisi, ikawa kama mali yake. Alijifunza mwenyewe, kwa kuunguza filamu na kukaripiwa. Na aliyejifunza mwenyewe, kiburi chake hakina mwalimu wa kukipunguza.

"Nyie mnapiga picha saa sita mchana," aliwacheka wenzake, "watu wanatokea na mashimo meusi badala ya macho! Jua la utosini ni adui. Mwanga ungojeni asubuhi, ukija mlalo, ukigonga kitu ubavuni. Hapo hata unyoya utausoma."

Na kweli alijua. Filamu ya nyeusi na nyeupe haikumpa rangi ya kujifichia. Ilimpa mwanga na kivuli, basi, na uwanda ule usio na miti ulikuwa shule yake: jua likichomoza, kila tuta la duara ambamo wakulima hufukia nyasi ziwe mbolea lilinyoosha kivuli kirefu kama mtu anayejinyoosha kitandani.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba kwenye maonyesho ya Saba Saba itachaguliwa picha bora ya nchi na viumbe vyake, na aliyeipiga atapelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo. Lutengano hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alitaka kwenda. Alitaka mpaka akakonda.

Picha yenyewe alipewa na Mama Bertilla, mkulima wa kijiji cha Pito, mama wa maneno makali na kicheko kikubwa zaidi. Alimkuta kijana bondeni akitambaa kwa tumbo kumfuata bata maji.

"We Mnyakyusa! Umedondosha ndizi zako humo?"

"Shikamoo mama. Natafuta picha."

"Marahaba. Kwa matope hayo, ni picha itakayokutafuta wewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha, kwa sababu alimpenda, akampeleka upande wa pili wa bonde. Katikati ya matete korongo mwenye taji alikuwa ameatamia. Mbele ya matete kilisimama kijiti kilichofungwa fundo la nyasi.

"Hapa wanawake tunakata matete ya nyumba zetu," alisema kwa sauti ya chini. "Korongo akitaga, tunafunga fundo. Kuanzia hapa hakuna mundu unaopita mpaka watoto wake waondoke. Tazama, piga picha yako, nenda zako. Unanisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia. Asubuhi kadhaa alilala kwenye umande, kamera imefunikwa kwa koti. Jua lilipotoka lilikuja vilevile alivyolitaka, la chini na laini, lakini matete ya mashariki yalilikatakata. Michirizi myeusi ilipita usoni pa ndege, akawa kama mfungwa anayechungulia dirishani. Akisogea kulia, kichwa kilipotelea kwenye majani ya nyuma. Akisogea kushoto, jua liliingia ndani ya lenzi na kuifanya picha kuwa ukungu. Mpiga picha mvumilivu angesema: basi, leo sikupewa. Lutengano hakuwa mtu wa kunyimwa.

Korongo alipotoka kwenda kutafuta chakula, kijana alichomoa kisu. Fundo, alijiambia, ni la wakata matete. Mimi si mkata matete. Akakata ya upande wa mashariki, machache tu, kama mtu anayefungua pazia.

Kulipokucha kesho yake, mwanga uliingia bila kubisha hodi. Korongo aliinama kuyageuza mayai, na taji lake likawaka pembezoni kama moto wa nyasi. Lutengano akabana pumzi, akabonyeza.

Kunguru nao walilitumia pazia lilelile. Habari alizipata sokoni: mayai yameliwa, korongo wamehama, na aliyekata matete amejulikana. Ni Stefania, jirani yake Mama Bertilla, ambaye paa lake lilivuja na mundu wake ulikuwa karibu na fundo wiki ileile. Stefania aliapa kwa jina la Bikira Maria. Hakuna aliyemwamini, na Mama Bertilla ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Wanawake walilima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, lakini zamu ya Stefania ilipofika, hakuna jembe lililokwenda shambani kwake. Alilima peke yake.

"Nitakwenda Jumapili niseme," Lutengano alijiapiza. Jumapili ikaja, akasema nitakwenda ijayo. Neno lisilosemwa ni kama mzigo wa kuni ulioachwa mvuani: siku ya kwanza ungeweza kuubeba.

Alichofanya ni kuisafisha ile picha. Usiniulize aliwezaje kuitazama ikiibuka kwenye maji ya dawa. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtesa, ilikuwa nzuri kweli.

Siku ya maonyesho ilitundikwa ukutani mbele ya ukumbi, kubwa kama mlango wa kibanda. Wanawake wa Pito walikuwa nje wakipanga ulezi wao. Mama Bertilla aliingia peke yake, kanga mpya kiunoni.

"Kumbe yupo!" alipaza sauti. "Huyu korongo nilimpa mimi huyu kijana! Tazameni anavyopendeza, kama bibi harusi!"

Watu wakacheka. Lutengano naye akacheka, meno tu. Mama Bertilla akasogea karibu zaidi. Ule mwanga wa ubavuni ulikuwa umefanya kazi yake kwa uaminifu. Ulionyesha kila unyoya, na chini ya kiota ulionyesha kila kisiki cha tete kilichokatwa, cheupe kama jino.

"Mayai bado yapo," alisema polepole. "Na matete yameshakatwa." Akageuka. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni kama maji yaliyomwagwa. "Lutengano. Nani alikuwa hapa?"

Hakuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo. Kijana alifungua mdomo, lakini Ndugu Flavian, mkuu wake wa kazi, alimshika mkono na kumvuta mbele ya wageni.

"Huyu ndiye mshindi wetu! Hebu waeleze ndugu zako, mwanga huu uliupataje?"

Mama Bertilla alisimama palepale, anangoja.

"Nilikata matete," Lutengano alisema. Aliona kama paa litamwangukia. "Yale yaliyokificha kiota. Niliyakata mimi."

Makofi yakalipuka.

"Mnaona ujuzi?" Ndugu Flavian alipiga kelele. "Mwingine angengoja bahati! Huyu kaitengeneza!"

Nusu ya pili, ya kunguru na ya Stefania, ilikuwa bado haijasemwa. Mama Bertilla bado alingoja. Lutengano alimwona akingoja.

"Asanteni," alisema.

Mama Bertilla akatoka.

Lutengano alimfikia barabarani, mbali kidogo na uwanja, akitembea kwa hatua ndefu. Nyuma yao kipaza sauti kilikuwa kinalitaja jina lake, aje kupokea barua ya safari.

"Mama, shikamoo."

"Ulishanisalimia." Hakusimama. "Nilimwita Stefania mwizi mbele ya watoto wake. Mimi, kwa mdomo wangu huu. Nakwenda kumpigia magoti. Wewe nenda, unaitwa."

Kipaza sauti kikaita tena. Lutengano akatembea nyuma yake, mbali kidogo, kama mtu anayefuata bila kualikwa, mpaka Pito.

Stefania alikuwa uani akipepeta ulezi. Alipomwona jirani yake akipiga magoti vumbini na kanga mpya, ungo ulibaki umening'inia mikononi.

"Kuna msiba?" aliuliza. "Na huyu kijana wa picha amefuata nini?"

"Atakuambia mwenyewe," alisema Mama Bertilla, uso chini.

Jua lilikuwa utosini. Lutengano akavua kofia, akapiga magoti kando yake, akaanza na shikamoo.