Kura ya Sungura na Kima

Mwaka ule wa vyama vingi kila mtu Bombambili alikuwa na kiherehere cha kupiga kura, hata Gaspari mwenye banda la gemu. Alikuwa anakwenda Dar kubadilisha kaseti, akatangaza kwamba atabakiza mfululizo mmoja tu wa michezo ya kuruka: ama Sungura zote tatu, ama Kima zote tatu. Wateja wangechagua kwa karatasi za siri, Jumapili, watu wakitoka misa ya pili.

Damu ilinichemka. Sungura ilikuwa yangu na kaka yangu Salum. Tulicheza kwa kupokezana, akifa yeye napokea mimi, mpaka tukafika lango la mwisho la Sungura wa Tatu, umeme wa mgao ukakatika. Mashine ile haikuwa na kumbukumbu. Ikizimika, unaanza upya. Wiki ileile Salum akaenda Tunduru kuchimba vito, kama vijana wenzake, akaniomba nisivuke lango lile bila yeye. Miezi minane ikapita. Nilifika pale mara nne peke yangu, na mara zote nne niliweka chini pedi ya kuchezea, waliokuwa kwenye foleni wakinisonya.

Kwa hiyo nilifanya kampeni. Nilimwambia Otto, shabiki mkubwa wa Kima, kwamba mchezo wake ni wa kubonyeza kitufe kimoja tu mpaka dole gumba liote sugu. Akajibu kwamba Sungura anatembea kama bibi anayekwenda kuungama. Watu wakacheka, nikajua nimepoteza kura mbili tatu. Nikazunguka mpaka Mshangano kumtafuta Recho wa darasani kwetu, naye mteja wa Gaspari, nikamwahidi kumwandikia noti zake zote za jiografia. Nikawa naacha chakula sahanini. Mama aliniuliza kama nina malaria.

Jumapili asubuhi Salum akashuka kwenye lori lililotokea Namtumbo. Alikuwa amekonda, viganja vimepasuka, na hakuwa na kito hata kimoja. Sikumwacha amalize uji. Nilimvuta hadi bandani, njia nzima nikimweleza habari za kura, za Otto na za lango. Alitembea akitazama chini, nikadhani ni uchovu wa safari. Kwa hesabu yangu tulikuwa kumi kwa kumi, na kura yake ingetosha.

Sote tulipokwisha kuandika, Salum naye, Gaspari alisoma karatasi moja moja, sauti ameikaza kama msimamizi wa uchaguzi. Kumi Sungura, kumi Kima. Akafunua ya mwisho, akasema Kima. Otto akapanda juu ya benchi kushangilia. Mimi nilikuwa naiangalia ile karatasi mkononi mwa Gaspari, na mwandiko wa kaka yangu naujua.

Nilimfuata Salum nje. Nilitaka kumpiga.

"Keshokutwa narudi Tunduru," akasema kabla sijafungua mdomo. "Na sijui nitakaa muda gani. Sitaki uwe unaniwekea pedi chini, Nasma."

"Ungeniuliza kwanza, kaka."

"Ungesema utangoja."

Ni kweli ningesema hivyo, na hasira yangu ikazidi. Nilirudi ndani. Kaseti zilikuwa bado hazijafungwa, na umeme ulikuwa wetu mpaka saa nane. Nikamwomba Gaspari Sungura wa Tatu, akanipa bila maneno, nafikiri aliniogopa. Nilicheza kama mtu anayefyeka shamba la adui. Salum aliingia akasimama nyuma ya benchi. Nilipofika langoni nikamnyooshea pedi.

"Vuka," akasema, mikono yake ameifumbata kifuani.

Nilimsubiri kidogo, labda angebadili mawazo. Hakubadili. Basi nikavuka peke yangu, nalia mbele ya Otto na watu wote, na kwa machozi yale sikuona vizuri kilichokuwa upande wa pili.