Upande wa Wanawake

Ukungu wa mlima Loleza ulishuka hadi kiwanjani, na kwa kitambo Bibi Bertha aliliona kanisa lao la parokia limesimama tena, na matofali yake ya kuchoma. Lakini lilikuwa limebomolewa tangu Pasaka kupisha kanisa kubwa, na misa ilisaliwa pale pale, kwenye mabenchi ya nje.

Tangu wafunge ndoa humo, yeye na mumewe Adrian walifika pamoja na kuachana mlangoni: wanaume kulia, wanawake kushoto. Hata kiwanjani watu walijigawa vilevile. Sauti ya mumewe akiimba hakuwahi kuisikia peke yake, na kanisa jipya likikamilika wangetenganishwa tena, asiisikie maishani.

"Baba Didas, kaa hapa," Bertha akamwambia mumewe, akimwonyesha nafasi kando yake.

"Mama Didas! Huku si kwa wanawake?"

"Nionyeshe ukuta. Nionyeshe hata mlango."

Adrian akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akakaa. Wimbo ulipoanza, ikamtoka sauti nyembamba, tamu, inayoelea juu ya akina mama wote.

"Mzee, miaka yote hii ulikuwa umepangwa upande usio wako," Bertha akanong'ona, akamsogelea hadi mabega yakagusana.