Kicheko Kilichobaki Ndani ya Kamera

Kamera ya marehemu Sefania ilikaa darini jikoni miaka kumi na tisa, katikati ya mahindi ya mbegu. Mkewe Dorkasi ndiye aliyeiweka huko. Kijijini kwao Suji, milimani, kuna ukungu mwingi, na huko kitu cha thamani hupandishwa juu ya moshi kisiharibike. Sasa ilikuwa nyeusi kama chungu, na mkanda wa picha ulikuwa bado umo ndani.

Kwenye mkanda huo kulikuwa na picha moja aliyoipiga Dorkasi mwenyewe: Sefania shambani, ameshika tangawizi, anacheka. Picha nyingine iliyobaki ni ya kitambulisho, mzee amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Sefania alipiga picha kijiji kizima, lakini yeye, zaidi ya Dorkasi siku ile, hakuna aliyempiga picha.

“Kitendawili,” Dorkasi alimwambia mjukuu wake Jesca, aliyekuja likizo kutoka Same.

“Tega.”

“Nyumba yangu imejaa watoto. Nikifungua mlango mchana, wote wanakufa.”

Jesca aliitazama kamera aliyoipakata, akaondoa kidole kwenye kifuniko polepole, mwanga usije ukaingia.

Wakapanda hadi nyuma ya kanisa, penye mtandao. Jesca akatafuta namna ya kuutoa mkanda na kuusafisha. Kwanza yalikuja maduka ya kamera mpya, kisha video za Kiingereza zilizokula bando lote. Siku ya pili ndipo alipokuta ukurasa wa Watanzania wapenzi wa kamera za zamani, wanaoelekezana bure. Akaeleza shida yao. Mzee mmoja wa Iringa, Hezroni, akauliza kamera ilihifadhiwa wapi.

Jesca aliona aibu, akataka kuandika kabatini.

“Andika jikoni, juu ya moshi,” Dorkasi akasema. “Daktari ukimficha atakutibu mguu, kumbe unaumwa jino.”

Watu wa ukurasa ule wakacheka. Mmoja akauliza kama lenzi imeiva pamoja na maharage. Hezroni akaandika kwamba moshi umeikausha lenzi, haikuota kuvu. Ila joto huenda limeuharibu mkanda, wasitumaini mengi. Wasifungue kifuniko. Wabonyeze kitufe cha chini, wazungushe kimkono cha juu taratibu mpaka kilegee, ndipo wautoe. Mwishoni akamwamkia bibi shikamoo.

“Marahaba, mwanangu,” Dorkasi aliijibu simu.

Mkanda ukasafiri kwa basi hadi Iringa, Hezroni akausafishe mwenyewe. Wiki tatu Dorkasi hakutega kitendawili hata kimoja.

Picha zilipofika kwenye simu, zote zilikuwa weusi mtupu isipokuwa moja. Jesca akaiangalia. Bibi yake alikuwa amelenga chini mno; picha ilianzia puani.

“Pole, bibi. Babu hana macho.”

Dorkasi akaichukua simu kwa mikono miwili. Mdomo ulikuwa wazi, pengo la jino la mbele linaonekana. Viganja vimejaa tangawizi. Shati lina kiraka alichokishona yeye.

“Macho yapo kwenye kitambulisho,” alisema. “Kilichokuwa kimepotea ni hiki.”

Alikaa kwenye ngazi ya kanisa, kidole gumba kikipita juu ya kioo, taratibu, asiifute.

“Unajua alikuwa anacheka nini? Alikuwa ananiambia, inua juu kidogo, Dorkasi, inua. Na mimi nikadhani ananitania.”