Oili ya Mzee Yotham

Generosa alipofungua mlango wa uani asubuhi ile, kitu cha kwanza kukiona ni baiskeli yake ikimeremeta. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, vumbi lote limepanguswa, na fremu yake nyekundu imelowa mng'ao wa mafuta. Pembeni alisimama baba mkwe wake, Mzee Yotham, tambara jeusi mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Mama Loisi. Nimekusafishia tena. Na zile sahani za magurudumuni leo nimezishibisha oili kwelikweli. Hazitapiga kelele."

Generosa alizitazama sahani, zinachuruzika mafuta. "Ahsante baba," akasema, akaingia ndani kutafuta sabuni.

Ulikuwa mwaka 2003, majira ya Bunge la bajeti, wakati upepo wa kiangazi unaujaza mtaa wa Nkuhungu vumbi hadi ndani ya sufuria. Generosa, mzaliwa wa Bukoba aliyeolewa Ugogoni, alikuwa afisa mifugo katika mradi wa mbuzi wa maziwa. Wafadhili walipopunguza fedha, pikipiki za mradi zilipigwa mnada, na mtaalamu mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa anarudi kwao alimwachia baiskeli yake ya milimani. Haikuwa na breki za vyuma virefu na raba kama za Phoenix walizozizoea watu. Kila gurudumu lilikuwa na sahani nyembamba ya chuma katikati, na ukivuta breki, pedi mbili ndogo zinaibana sahani hiyo.

Kabla hajaondoka, yule mama wa Kiholanzi alimfundisha kuiosha. Maji ya ndoo, sabuni na brashi laini. Mnyororo utiwe mafuta kidogo kidogo, kisha upanguswe. Lakini sahani na pedi zisiguswe na mafuta ya aina yoyote, hata ya vidole. Pedi zikishanywa mafuta, breki hazishiki tena.

Na Mzee Yotham alikuwa anazinywesha kila alipopata nafasi.

Alikuja kutoka Gulwe akisubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alifanya kazi ya reli tangu ujana wake hadi alipopunguzwa kazini, na kukaa bure kwenye nyumba ya mwanawe kulimuumiza kuliko macho. Wiki ile ile aliyofika alisikia baiskeli ya mkwewe ikitoa mlio kidogo ilipokuwa inasimama getini, kwa sababu ya vumbi tu. Kesho yake akaenda kwenye gereji ya jirani, akaomba kopo la oili chafu. Kadiri alivyopaka ndivyo breki zilivyozidi kulia, na kadiri zilivyolia ndivyo alivyozidi kupaka.

Generosa alijaribu kumwambia kwa kuzunguka. "Baba, usijichoshe, pumzika tu." Mzee akacheka, akasema mtu hachoki kwa kushika tambara. Siku nyingine akasema, "Baiskeli hii haipendi sana mafuta, baba." Mzee akajibu kwamba chuma kisichopenda mafuta bado hakijafuliwa, na kwamba reli yote ya kutoka Gulwe kwenda juu waliitunza hivyo hivyo. Generosa akaishia hapo. Iwe kwao Bukoba au huku Ugogoni, mkwe hamkemei baba mkwe.

Akamgeukia mumewe. Ebenezer alikuwa karani katika ofisi za Bunge, na kipindi cha vikao alirudi nyumbani amechoka, tai imelegea.

"Baba Loisi, zungumza na baba. Breki zimeanza kuteleza."

"Nitazungumza naye."

"Ulisema hivyo Jumapili."

"Mke wangu, unaona anavyofurahi? Hapa hana kazi nyingine. Wewe osha tu, akipaka utaosha tena."

"Oili haioshwi ikatoka! Pedi zinanyonya, zile."

"Basi nitamwambia," akasema Ebenezer, akaanza kumpigisha mtoto wao Loisi stori za shule.

Hakumwambia. Generosa akaanza kuiingiza baiskeli chumbani usiku. Siku ya kwanza mzee aliuliza iko wapi, Generosa akadanganya kwamba iko kwa fundi. Siku ya pili Loisi akamwambia babu yake kwamba iko kando ya kitanda cha mama. Siku hiyo mzee chakula cha mchana alikiacha nusu. Kwa aibu, Generosa akairudisha uani, na asubuhi iliyofuata ndiyo ile alipoikuta ikimeremeta.

Aliosha haraka haraka kwa sabuni, akakausha, akavuta breki. Zilishika, si haba. Akafunga nyuma sanduku la barafu lenye chanjo za mbuzi, akaondoka kuelekea kijiji cha Zuzu.

Karibu na kijiji njia inashuka kwenye korongo la mchanga. Alikuwa ameshapita hapo mara nyingi, akijua wapi pa kupunguza mwendo. Akavuta breki. Breki zikalia kama nguruwe anayekamatwa, na baiskeli ikaendelea kwenda. Akavuta kwa nguvu zote, vidole vikauma, baiskeli ikazidi kukimbia. Aliona mawe chini, akaona hakuna namna, akaielekeza kwenye kichaka cha miiba.

Alipoinuka, goti lilikuwa limechanika na sketi pia. Sanduku lilikuwa limepasuka, vichupa vya chanjo vimetapakaa mchangani, vingine vimevunjika. Aliketi chini akavitazama. Wenye mbuzi walikuwa wanamsubiri tangu asubuhi, na wengine walitoka mbali. Akapiga ngumi mchanga, akalia kwa hasira, kisha akanyanyuka akaanza kuikokota baiskeli kurudi mjini, kwa kuwa chanjo iliyopata joto haimfai mbuzi yeyote.

Alifika nyumbani jua limeshapinduka. Mzee Yotham alisikia magurudumu, akasimama kutoka kwenye kigoda.

"Mbona mapema? Na bado inalia! Nilijua tu oili haikutosha." Akainama kutafuta kopo lake.

"Baba, acha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mzee akabaki ameinama.

"Acha hiyo oili, baba. Hiyo oili ndiyo inayoniua. Breki hizi hazitaki mafuta, zinatakiwa kuwa kavu. Leo nimeanguka korongoni. Chanjo zote zimeharibika. Nimechoka, baba! Kila siku naosha, kila siku unapaka, naosha, unapaka!"

Mzee alijinyoosha taratibu. Akasogea karibu, akainamisha uso hadi alipoliona lile goti lenye damu.

"Tangu lini ulijua kwamba naharibu?"

"Tangu wiki uliyofika."

"Na Ebenezer anajua?"

Generosa akaanza kuikung'uta sketi mchanga.

"Nakuuliza, mama. Mwanangu anajua?"

"Anajua, baba."

Mzee akaliweka tambara juu ya kopo. "Kwa hiyo mmekaa mnanitazama kama mnavyomtazama mtoto anayechezea matope," akasema. "Mimi nilikuwa nadhani nafanya kazi." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Jioni Ebenezer alianza kwa kufoka. "Umemwambia nini baba? Huwezi kumpazia sauti mzee!"

Kabla Generosa hajajibu, mlango wa chumbani ukafunguka. "Wewe ndiye ulipaswa kuniambia," mzee akamwambia mwanawe. "Umemwachia mtoto wa watu mzigo wako, akaanguka nao. Usimfokee." Ebenezer akaivua tai, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi Generosa alijaribu kuziokoa breki. Alinunua spiriti kwenye duka la dawa, akazisugua sahani kwa kitambaa safi hadi kikaacha kutoka na weusi. Akazichomoa pedi, akazipiga msasa, akaziweka juu ya jiko la mkaa mafuta yatoke. Zilifuka moshi wenye harufu mbaya, akazipiga msasa tena. Za mbele zilirudi, zikawa zinashika. Za nyuma zilikataa katakata. Sila, fundi baiskeli wa Chang'ombe ya pale pale mjini, alizigeuzageuza kiganjani akasema hajawahi kuziona, labda zitapatikana Dar es Salaam. Dereva mmoja wa ofisini kwa Ebenezer alileta nyingine kutoka Dar. Zilikuwa za mviringo wakati zinazotakiwa ni zenye pembe.

Muda wote huo Mzee Yotham alimwitikia shikamoo, akala, akaenda hospitali akapasuliwa jicho. Lakini hakukanyaga tena upande ule wa ua inakokaa baiskeli. Hilo lilimuuma Generosa, na likamkasirisha pia, kwa maana goti lililochanika lilikuwa lake.

Siku ya kurudi Gulwe walimsindikiza stesheni. Treni ilichelewa, wakakaa kwenye benchi. Mzee, jicho moja sasa linaona vizuri, akauliza bila kumtazama mtu, "Ile baiskeli imepona?"

"Imepona kabisa, baba," Ebenezer akadakia. "Usiwe na wasiwasi."

Generosa akamtazama mumewe, akahisi ile hasira ya korongoni ikimpanda upya.

"Haijapona, baba," akasema. "Breki ya nyuma imekufa. Natumia ya mbele tu, na kwenye mteremko nashuka nakokota. Vipuri havijapatikana."

Ebenezer akakohoa. Mzee alitikisa kichwa polepole, kisha akamgeukia mkwewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ahsante," akasema. "Pole kwa goti. Nikija tena nipe kazi ya kufanya, na nikikosea uniambie siku hiyo hiyo."

"Nitakuambia, baba."

Treni ilipoingia, Ebenezer alimpandishia baba yake mzigo, akashuka. Generosa alisimama pale hadi behewa la mwisho lilipopita. Walitembea kurudi Nkuhungu bila kushikana mikono. Njia nzima Ebenezer alitafuta maneno, na Generosa hakumsaidia kuyapata.