Kibuyu Kisichoonjwa

Malkia, jike la mbwa, alitupa mimba Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, na Mukeshimana alimkuta uani amesimama juu ya watoto sita kama mtu aliyeangusha sahani. Sita, na manyoya yameshaota. Zilikuwa zimebaki siku kumi azae. Mukeshimana hakungoja kufikiri. Alipiga magoti, akamshika wa kwanza kwa mikono mitupu, akampangusa ute puani kwa pindo la kitenge, akamwekea mdomo akampulizia. Akahamia kwa wa pili. Aliwapuliza wote sita mpaka kichwa kikamzunguka, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Hii ilikuwa mara ya tatu mwaka ule wa 1992. Mwezi wa pili jike la Habimana, mwenye gereji, lilitupa wanne. Mwezi wa tatu Bombi, jike la Nyiransabimana, akatupa watano. Sasa Malkia. Zote zilikuwa mimba za Sajini, dume la Mukeshimana, na mara zote tatu mkunga alikuwa Mukeshimana mwenyewe, kwa sababu Gikondo yote, mtaa wao pale Kigali, hapakuwa na mtu mwingine wa kushika mbwa anayezaa.

Sajini alikuwa mbwa haswa. Mukeshimana alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja, na vita vilipoanza mwaka 1990 Mzungu akapanda ndege, akaacha Sajini na Malkia, mbwa wawili wenye masikio ya kusimama, na gunia la mchele. Mchele uliisha. Mbwa wakabaki, na wakampa heshima ambayo ujane haukumpa, maana siku zile kila mwenye ua Kigali alitaka mbwa wa kubweka. Walikuja kumwazima Sajini kutoka Nyabugogo mpaka Kinyinya. Hakudai kitu. Jike likizaa, mwenye dume huletewa mtoto mmoja mzuri, ndiyo desturi, na mama huyu alikuwa amekwisha kupata watoto wanne wa namna hiyo, akawagawa kwa watu aliowapenda. Bombi ndiye aliyekuwa wa kwanza, na alimpa Nyiransabimana.

Huyo Nyiransabimana ndiye tunayemzungumzia hasa. Alikuwa na kabare, kilabu cha pombe ya mtama, nyumba ya tatu kutoka kwa Mukeshimana, na kwa miaka kumi na moja hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Msiba wa mume wa Mukeshimana, Nyiransabimana ndiye aliyelala mkekani naye siku nane. Kila adhuhuri alipita na ndoo ya makombo ya kabare, akawapa mbwa wa Mukeshimana, akawapa wa Habimana, akarudi kwa Bombi wake. Sasa mtu wa namna hiyo unamshuku vipi? Ngoja nikwambie.

Kule Rwanda mwenye pombe huonja kwanza. Anapiga fundo mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi kibuyu na mrija. Si adabu tu. Ni kukuambia kwamba kama imo sumu, tunakufa wote. Nyiransabimana hakuwahi kusahau jambo hilo isipokuwa siku moja, Jumamosi ya mwezi wa tatu, kabare imejaa, huyu anamwita na yule anamwita. Alijaza kibuyu, akamsukumia Mukeshimana bila kuonja, akakimbilia jikoni. Mukeshimana akacheka tu, akanywa.

Jumatatu jioni homa ikampanda. Jasho lilimlowesha, viungo vikauma, mgongo ukakataa kuinama. Asubuhi akaamka mzima. Jioni ikarudi. Akameza dawa za malaria, ikatulia siku nne, ikarudi tena. Mwezi mzima homa ilikuwa ikiingia na kutoka kama mpangaji, na ndani ya mwezi huo huo Malkia akatupa watoto sita.

"Mimi sisemi kitu," Mukeshimana alisema bombani, Jumatatu ile, mbele ya wanawake wanane wenye madumu. Mtu akianza hivyo ujue atasema yote. "Ila nauliza. Nani anawalisha mbwa wote waliotupa mimba? Na nani alinipa kibuyu hakukionja?"

"Lakini na Bombi wake katupa," mmoja alimkumbusha.

"Kaua hata watoto wa mbwa wake ili tusimshuku."

Walimwamini. Laiti angekuwepo hata mmoja wa kumcheka! Mwaka ule watu Kigali walikuwa tayari kuamini ubaya wowote wa jirani, mradi usemwe kwa sauti ya chini. Kufika Jumatano kabare ya Nyiransabimana ilikuwa na wanywaji watatu. Kufika Jumapili hakuna. Habimana, aliyekuwa akinywa pale kila jioni, alianza kuzunguka barabara ya nyuma ili asisalimiwe. Nyiransabimana mwenyewe alikuja getini na ndoo yake, akabisha hodi kama kawaida. Mukeshimana akaipokea, akamwangalia usoni, akaimwaga yote kwenye mtaro.

"Mama Ingabire," Nyiransabimana alisema taratibu, akimwita kwa jina la binti yake. "Mimi nimekufanya nini?"

Mukeshimana aliitua ndoo chini, akafunga geti. Mwenzake akaichukua tupu, akaondoka.

Mukeshimana hakuishia hapo. Alikwenda kwa konseye, kiongozi wa sekta yao, kutaka kabare ifungwe na mwenyewe ahamishwe mtaa. Konseye naye hakutaka makubwa. Alisema ataita watu Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano, ila Mukeshimana alete karatasi ya daktari inayosema sumu. Haya. Ndiyo sababu akamwita Cyriaque, daktari wa mifugo, mtu mwembamba wa maneno machache aliyekuja na pikipiki na begi la ngozi.

"Nataka karatasi tu, daktari," alimwambia kabla hajavua kofia. "Ya sumu."

"Tumwone mbwa kwanza, mama." Alimpapasa Malkia tumbo, akamwinua mkia. Ulikuwa ukitoka uchafu wa kahawia na kijani. "Huu unatoka tangu lini?"

"Tangu atupe. Wiki ya tatu."

"Alitapika? Alitetemeka? Alikataa chakula?"

"Hapana. Anakula vizuri."

"Sumu gani hiyo yenye adabu, inampita mama na kuua walio tumboni?"

Mukeshimana alikasirika. Hakumwita mtu kutoka mjini aje kumuuliza mafumbo. Lakini Cyriaque alikuwa ameshamgeukia Sajini, amemlaza ubavu, na akakaa pale chini muda mrefu kuliko alivyokaa kwa Malkia.

"Njoo uone," alisema. Korodani moja ya Sajini ilikuwa imevimba, ya pili imenywea, na ngozi yake imekuwa nyekundu kwa kulambwa. "Hii je?"

"Aa, hiyo. Alirudi nayo mwezi wa kumi na mbili kutoka Kinyinya. Nilidhani kapigwa teke. Nikamkanda kwa maji ya chumvi, uvimbe ukapungua."

"Kinyinya alikwenda kufanya nini?"

"Kupanda jike."

"Wakakuletea mtoto wako?"

Hawakuleta. Walituma neno kwamba watoto walikufa kwa baridi, na kwamba jike lile halina bahati, hata uzao wa kabla ya huo lilitupa. Mukeshimana alikuwa amelisahau neno hilo kabisa. Sasa lilirudi lote, na sauti ya aliyelisema.

Cyriaque alichukua damu ya mbwa wote wawili, kisha akapita kwa Habimana akachukua, akapita kwa Nyiransabimana akachukua ya Bombi. Itapelekwa Nairobi, alisema, majibu yatachukua wiki tatu. Mpaka hapo Sajini afungwe peke yake, asipande jike lolote. Matandiko ya Malkia yachomwe, sakafu ioshwe kwa javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, na mtu asiguse uchafu ule bila glavu. Alipokuwa akifunga begi akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Watoto waliokufa, nani aliwapokea?"

"Mimi. Wote. Niliwapuliza mdomoni."

Alimtazama. "Una homa, mama?"

"Hiyo ni habari nyingine," alisema Mukeshimana, akaenda kumfungulia geti.

Wiki tatu zikapita. Nyiransabimana aliacha kufungua kabare. Mitungi yake aliipindua ukutani, na kila aliyepita aliiona. Wengine walisema anafunga mizigo. Mukeshimana aliposikia hivyo alitaka kufurahi, akashindwa, akawa anaosha sakafu kwa javeli mara mbili kwa siku ingawa ilitosha mara moja.

Alhamisi kabla ya mkutano pikipiki ikasimama getini. Cyriaque hakukaa.

"Wote wanne wanayo," alisema. "Sajini, Malkia, jike la Habimana, Bombi. Si sumu. Ni brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wanao wa kwao, huu ni wa mbwa. Dume anaupata kwa jike mgonjwa, anaupeleka kwa kila anayempanda, na nje anaonekana mzima, anabweka, anakula. Jike anautoa kwenye mimba iliyotoka na kwenye uchafu. Anayelamba anaupata. Na mtu anayeshika kwa mikono mitupu, tena anayepuliza mdomoni, anaweza kuupata. Homa inayoingia na kutoka. Viungo. Jumatatu nenda hospitali uwaambie jina hili, watakupima na kukupa vidonge vya wiki sita. Usiache katikati."

Mukeshimana alisikia yote, na hakusikia kitu. Akaketi kwenye jiwe la kufulia. Alikuwa akiangalia mikono yake. Homa ile aliichota mwenyewe, kwenye pua za watoto wa mbwa, akaenda kuibandika kwa mtu aliyelala mkekani naye siku nane. Na ugonjwa wenyewe nani aliuingiza mtaani? Nani alimshika Sajini kamba akampeleka kwa Bombi, akisifiwa njia nzima?

"Dawa ya mbwa iko?" aliuliza mwishowe.

"Unaweza kumpa, atapoa, kisha itarudi. Ukimhasi atapunguza kuutoa, ila mdudu hatoki mwilini. Akibaki, abaki peke yake mpaka afe, na wewe una binti ndani ya nyumba. Mimi ningewachoma sindano. Lakini mbwa ni wako. Na nitahitaji jina la kila nyumba Sajini alikopanda. Kila nyumba, mama."

Majina yalikuwa saba. Aliyataja yote, na la Nyiransabimana alilitaja la mwisho, kwa shida. Ijumaa akamshika Sajini kichwa mapajani wakati sindano ikiingia, akiwa amevaa glavu, na glavu zilimuumiza kuliko sindano. Malkia akafuata. Alilia, ndiyo, na asiyelia kwa mbwa kama yule ana lake jambo. Jioni hiyo hiyo akaanza kuzunguka nyumba saba, akasimama kwenye kila geti, akasema: dume langu lilikuwa na ugonjwa, usipandishe jike lako, mngoje daktari. Alizunguka sita. Ya saba, ya Nyiransabimana, aliipita.

Jumamosi saa nane konseye alikaa kwenye benchi mbele ya kabare, watu wamejaa mpaka barabarani. Nyiransabimana alisimama mlangoni mwake amevaa kitenge cha kanisani, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Bombi alikuwa amelala miguuni pake. Konseye akanyoosha mkono apewe karatasi.

Mukeshimana hakumpa. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, jina la ugonjwa na majina ya mbwa wanne, akiwaangalia watu. Kisha akasema, "Ugonjwa ulitoka kwangu. Ulitoka uani kwangu na nikaupeleka kwenu kwa kamba yangu. Homa yangu niliichota kwa mbwa. Huyu hakunipa sumu. Nilimsingizia bombani, mbele ya watu, na wote mliosikia mnajijua."

Habimana aliangalia viatu vyake. Konseye alishusha mkono wake.

Nyiransabimana aliinama akampapasa Bombi shingo. "Na huyu?" aliuliza.

"Daktari anasema..." Mukeshimana alianza.

"Ulinipa wewe mwenyewe, Mama Ingabire. Akiwa mdogo hivi."

"Nilikupa mimi."

Nyiransabimana aliingia ndani. Wakamsikia akisogeza mtungi, na watu wakatazamana, maana walidhani ameacha kupika. Alitoka na kibuyu kimejaa mpaka povu linamwagika, mrija umesimama. Akatembea mpaka mbele ya Mukeshimana. Kila mtu alingoja apige fundo lake.

Hakupiga. Alikinyoosha kibuyu vilevile, bila kuonja, akamkazia macho.

Mukeshimana alikipokea kwa mikono miwili. Povu lilimmwagikia kitenge. Akaweka mrija mdomoni, akanywa, akaendelea kunywa mpaka mrija ukakoroma chini, akakirudisha kitupu.

Kisha Nyiransabimana akajaza kingine, akakionja mbele ya wote, akampa Habimana. Akajaza, akaonja, akampa konseye. Wakaja mmoja mmoja, wengine machozi yakiwalenga, na kila mmoja Nyiransabimana alimwonjea kama inavyotakiwa. Bombi alichomwa sindano wiki iliyofuata, akafukiwa nyuma ya mitungi.

Kabare ilijaa tena. Mukeshimana alimaliza vidonge vyake, homa ikamwacha, na kila Jumamosi akaenda kwa Nyiransabimana, akakaa kwenye benchi lile lile. Waliongea, walicheka hata, walipelekeana chumvi na moto. Lakini kibuyu cha Mukeshimana hakikuonjwa tena hata siku moja. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa.